Shati Kwenye Winchi

Ndani ya ndege, kutoka Dar kwenda Dubai
Ijumaa, 7 Machi 2025

Epifania mke wangu,

Salamu kwako na kwa mwanangu Wema. Mdogo wangu Edson mwambie kaka yake bado ana miguu yote miwili, ingawa haigusi chini. Na usicheke. Nakuandikia nikiwa angani, nimelala kitandani, na kitanda chenyewe kina shuka nyeupe na blanketi zito kuliko lile la harusi yetu. Kilikuwa kiti. Mhudumu akabonyeza kitu pembeni kikajinyoosha chenyewe. Nilishtuka nikashika ukuta, Bosi Donatus akacheka mpaka akamwaga kinywaji chake.

Hiki wanachokiita daraja la kwanza si kiti, ni chumba. Kina mlango wake, kabati lake la nguo, taa ya kusomea na kioo kikubwa cha kinyozi. Nimepewa taulo la moto nipanguse uso, nikalirudisha likiwa na rangi ya udongo wa kwetu, nikaona aibu. Wakaleta nyama. Nikakumbuka leo ni Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima, majivu nimepakwa juzi tu, nikakataa. Basi wakaleta mayai ya samaki, madogo meusi kama mbegu za mchicha. Chumvi tupu. Dagaa wako ni bora mara mia.

Unajua nilivyoogopa kufukuzwa. Wiki nzima nimekataa kuwaruhusu watu kushuka. Nilimwambia Bosi mbele ya wachimbaji kwamba upande wa mashariki wa duara, kule chini shimoni kwenye dhahabu, mwamba unalia na magogo ya matimba yanayoushikilia yameanza kupinda. Mwenye duara mwingine angenitukana mpaka kwa marehemu baba. Yeye kaniambia, "Ansgar, fundi wa matimba kama wewe anastahili kupumzika. Twende ukaone vyuma vya kisasa vya kushikilia mwamba, tuachane na magogo." Kweli tumeondoka, mimi na yeye, vyumba vinatazamana.

Jambo moja tu halijanikaa vizuri. Bosi alisisitiza nije na shati langu la kazi, lile la drafti za kijani lenye kiraka chako begani. Alisema ni shati la bahati. Tulipopewa pajama za kulalia, mhudumu alilichukua akalitundika kabatini. Nikamwambia kwa Kiswahili, dada, shati hili halitundikwi na mkono wa mtu mwingine. Mimi nashuka alfajiri, nagonga gogo moja baada ya jingine, nikiridhika ndipo napanda, nalivua na kulitundika mwenyewe kwenye winchi, pale mdomoni mwa duara. Wachimbaji wakiliona, wanashuka. Wasipoliona, hashuki mtu hata kwa bunduki. Yule binti akatabasamu, hajaelewa hata neno. Bosi alikuwa anatutazama kutoka chumbani kwake. Akasema, "Liache, limekaa vizuri hapo."

Simu yangu kaichukua yeye, eti nipumzike na kelele za machimboni. Yako ilizama kisimani, kwa hiyo tumerudi enzi za barua. Nitawaomba watu wa hoteli waipige picha hii waitume kwa Salome wa steshenari. Anwani yake ya barua pepe na namba ya duka nazijua kwa kichwa, maana bango lake nililipaka rangi mimi. Akuchapie, nawe umpe jibu alirudishe kulekule.

Mumeo,
Ansgar


Ushirombo
Jumapili, 9 Machi 2025

Baba Wema,

Tumsifu Yesu Kristo, wewe ambaye sasa uko karibu naye kuliko sisi.

Salome alinikamata natoka misa. Yeye Msabato, Jumapili kwake ni siku ya kazi, akanipa barua yako barabarani. Nimeisoma mara mbili kimyakimya na mara moja kwa sauti mbele ya mama yako. Mama amekubali taulo la moto, kitanda amekikataa. Anasema ndege ikipiga kona ungeanguka. Wema anataka kujua kama huko juu kuna choo. Jibu hilo swali upesi, sina raha.

Sasa nami nina langu. Donatus huyuhuyu aliyekataa kutoa gari la kumpeleka majeruhi hospitali, leo anakulaza kwenye shuka nyeupe? Sikatai zawadi, Mungu anajua sikatai. Lakini umemsimamishia kazi, umemwaibisha mbele ya watu, na yeye anacheka. Mwenye duara akikasirika najua pa kujificha. Huyu anayecheka simwelewi.

Jana Thobias, yule msimamizi wake, alileta gunia la mchele na dumu la mafuta. Nilimkaribisha kiti, hakukaa. Aliuliza tu Edson yuko wapi, na kama hajachoka kukaa bure. Na kweli amechoka. Wakwe zake wa Samuye wamesema ng'ombe wafike kabla ya Pasaka, la sivyo binti ana wengine wanaomtaka. Anazunguka uani siku nzima, kuku wenyewe wanamkimbia. Nikamwambia, "Shemeji, hushuki mpaka kaka yako arudi." Akanijibu, "Shemeji, mimi nashuka nikiliona shati. Bila shati hata aje waziri." Hapo moyo ukatulia.

Muulize Bosi mnarudi lini. Muulize macho kwa macho, usiulize ukiangalia chini kama ulivyozoea. Na usinywe usichokijua. Nitakupokea hata ukinuka manukato ya kizungu, ila rudi.

Wako,
Epifania


Ndani ya ndege, kutoka Dubai kwenda Sydney, Australia
Jumatano, 12 Machi 2025

Mama Wema,

Mwambie mwanangu choo kipo, tena zaidi ya choo. Nimeoga. Nimeoga angani, mke wangu, maji ya moto yananimiminikia kichwani na chini yangu ni bahari tupu. Maji yakikaribia kwisha kuna taa inabadilika rangi kukuonya. Nimetoka nimevaa joho jeupe, nikatembea kwenye ujia wenye zulia. Milango yote ya vyumba ilikuwa imefungwa. Sikusikia mtu akikohoa. Nilirudi chumbani nikafunga mlango wangu, na tangu hapo nimekaa naangalia ukuta.

Bosi hayupo. Tulifika uwanjani pamoja na mizigo yetu, simu yake ikaita, akasema amepata dharura nyumbani na anageuza leo hii. Mimi niendelee, Australia kuna maonyesho ya mitambo ya migodi na hoteli imeshalipiwa. Nikasema basi turudi wote. Nilimtazama machoni ulivyoniagiza. Akanishika bega, akasema, "Ansgar, usinivunjie heshima. Hakuna fundi wa Bukombe aliyewahi kufika huko." Ningefanya nini? Pasi ya kupandia ilikuwa mkononi na watu nyuma yangu wanasubiri.

Kabla hatujaagana alinipa shati jipya jeupe. Kasema huwezi kufika ugenini na shati la duara. Lile langu alilikunja mwenyewe, polepole, akalitia kwenye mkoba wake wa mkononi, akasema atakuletea nyumbani. Nikashukuru. Nilikuwa nimeshapaa ndipo nilipojiuliza, Donatus tangu lini anakunja nguo za mtu?

Epifania, nisikilize. Akikuletea shati, lifungie sandukuni. Asipokuletea, nenda kwa Edson na wenzake uwaambie shati bila mimi si kitu. Mtu yeyote asishuke. Mashariki maji yanapita nyuma ya mwamba, niliyasikia kwa sikio langu, na mvua hizi zinayaongeza kila siku. Magogo yale hayatahimili.

Huenda ni hofu ya mtu asiyezoea kuruka. Lakini imenishika hasa. Nimebonyeza kengele nikamwomba mhudumu ndege irudi. Ameniletea chokoleti.

Nitaituma nikifika tu.

Ansgar


Ushirombo
Ijumaa, 14 Machi 2025

Ansgar,

Leo sina salamu.

Edson kaja asubuhi anakimbia, anacheka meno yote nje. "Shemeji, kaka amerudi! Shati liko kwenye winchi!" Kumbe Donatus amewatangazia watu kwamba mmerudi pamoja, umeshuka alfajiri, umegonga magogo yote, umesema mashariki ni salama. Halafu, anasema Donatus, umekwenda Katoro kupumzika, safari imekuchosha. Katoro! Umerudi nchini, hukupita kwako, hukumwona mwanao, ukaenda moja kwa moja kwa yule mwanamke Sikujua na chapati zake. Ulidhani sijui habari za Sikujua?

Nilikwenda mwenyewe kuangalia. Nilitembea kwa miguu mpaka machimboni kwenye tope lile. Shati ni lako. Kiraka ni changu, kitenge cha njano na uzi mwekundu, hakuna mwanamke mwingine Ushirombo anayeshona hivyo. Nilisimama pale watu wananiangalia, nikajiona mjinga wa wajinga. Nikazikumbuka barua zako. Kitanda ndani ya ndege. Mlango ndani ya ndege. Kabati! Na mimi nikamsomea mama yako kwa sauti, bibi wa watu ameshika rozari anasikiliza uongo.

Leo Salome amenipa barua yako nyingine. Anasema imetoka hoteli ya Australia. Mtu akitaka kudanganya atashindwa kuandika Australia? Imo kwenye bahasha, hata yeye hakuisoma, nami sijaifungua. Nimeiweka juu ya kabati, na itakaa hapo mpaka uje unitazame usoni uniambie umelala wapi.

Edson anashuka kesho na zamu ya kwanza, upande huohuo wa mashariki, wanasema ndiko mawe mazuri yaliko. Amefurahi mno. Anapiga mluzi hapa uani, anahesabu ng'ombe wa Samuye ambao hata hawajanunuliwa. Angalau kuna mtu aliyefaidika na kurudi kwako.

Salome ananiharakisha, anataka aitume kabla jua halijazama. Sabato ikiingia anazima kila kitu mpaka kesho jioni. Sijui itakufikia wapi na sitaki kujua. Nimeandika ili nisipasuke.

Epifania


Sydney, hotelini
Jumamosi, 15 Machi 2025

Epifania,

Siko Katoro. Sijakanyaga Tanzania tangu nilipoondoka. Niko Australia, barua yako nimeipokea asubuhi kwenye sinia la fedha pamoja na chai, na kwenu bado ni usiku wa manane. Shati kalitundika Donatus. Alinichukua ili alipate shati, na mimi nikamvulia kwa mikono yangu.

Panda kwenye kiti, ishushe barua iliyoko juu ya kabati, isome. Kisha mzuie Edson. Mlilie, mfungie mlango, mpige kwa mchi ikibidi. Waambie wachimbaji wote walishushe shati lile kwenye winchi walichome moto. Mashariki hapajagongwa na mtu. Hapajagongwa, Epifania!

Nimewaomba watu wa mapokezi wampigie Salome. Tumepiga, tumepiga tena. Najua simu iko kwenye droo na yeye amelala na dhamiri safi. Namba nyingine yoyote siijui, zote zilikuwa kwenye simu aliyoichukua Bosi. Nimewaambia wawatafute polisi wa nyumbani. Wamepata namba moja, ikaita mpaka ikakata. Binti wa mapokezi ameniona nazungukazunguka, akauliza kama ningependa kwenda kukandwa mgongo.

Siudhiki kwa ulivyoniwazia. Ukweli wenyewe haufanani na ukweli. Nachukia tu hii hoteli, mito yake, maua yake, kila mtu anayenitabasamia.

Sasa kwenu kunapambazuka. Edson anafunga taa yake kichwani. Tafadhali, mtu yeyote anayeisoma hii, mtu yeyote, kimbia.

Ansgar


Ushirombo
Jumapili, 16 Machi 2025

Mume wangu,

Edson hayupo tena. Nimeanza na hilo, maana nikianza na jingine sitalifikia.

Mashariki kuliporomoka jana kabla ya saa sita mchana. Chini walikuwa wanne na wote wamekufa. Edson ametolewa wa mwisho, jana jioni. Uso wake haukuumia. Mama yako anakunja kanga na kuikunjua, anaikunja tena.

Jua lilipozama Salome alikuja anakimbia bila viatu, kashika barua yako ya Sabato, analia kabla hajafika. Nikapanda kwenye kiti, nikaishusha ile ya juu ya kabati. Yote yalikuwa humo. Ningeisoma Ijumaa, Edson angekuwa hapa anafukuza kuku. Nalijua hilo na nitaishi nalo. Ukinichukia sitakulaumu.

Lakini uchungu uweke kando kwanza, unisikilize. Donatus amesimama mdomoni mwa duara analia mbele ya umati. Machozi ya kweli yanamtoka. Anasema, "Ansgar alinihakikishia kwa mdomo wake." Anawaonyesha shati. Anasema baada ya ajali umetoroka kutoka Katoro, na ameapa mbele ya wajane kwamba atakutafuta popote ulipo akulete mikononi mwao. Nikapanda juu ya lundo la mawe nikapiga kelele kwamba uko Australia, barua hizi hapa. Mama mmoja aliyefiwa alinitemea mate usoni. Nani ataamini kwamba fundi wa matimba alikuwa angani anaoga maji ya moto? Mimi mkeo sikuamini.

Watu hawajaondoka pale. Wamelala kwenye tope. Wameshika mapanga na hakuna anayekwenda shamba.

Kwa hiyo usirudi. Donatus akikutumia tiketi, iwe ya daraja la kwanza au la mwisho, usipande. Pasipoti yako usimpe mtu, ina mihuri ya tarehe, ndiyo shahidi wako peke yake. Tafuta kanisa hapo, muone padre, mweleze kila kitu hata kwa ishara. Edson nitamzika mimi na mama na wanajumuiya. Sisi tutavumilia, wewe baki.

Nimesimama dukani kwa Salome nasubiri. Nijibu neno moja tu, nimebaki. Sitaondoka hapa mpaka nilione.

Mkeo,
Epifania


Ndani ya ndege, kutoka Sydney kwenda Dubai
Jumatatu, 17 Machi 2025

Epifania mpenzi,

Nimelala, mke wangu. Tangu barua yako ya Ijumaa sikuwa nimefumba jicho, na sasa nimelala usingizi wa mtoto mchanga, mhudumu kanifunika blanketi hata sikusikia.

Jana mchana Thobias alipiga simu hotelini. Kasema Bosi amekiri kosa lake, duara limefungwa, hakuna aliyeshuka. Sikumwamini. Nikamwambia nipe Edson. Akaita mtu pembeni, kisha akampa simu. Laini ilikuwa mbovu na sauti yenyewe imekwaruza, anasema mvua imemnyeshea na ana mafua. "Kaka, mimi mzima. Njoo nyumbani." Basi nikakaa chini sakafuni pale mapokezi, mbele ya wageni na masanduku yao, nikalia kwa sauti. Nimewaaibisha sana watu wa hoteli.

Tiketi ilitumwa palepale na gari likanifuata, sikuwahi kungoja jibu lako. Najua umeshaniandikia. Najua barua ya juu ya kabati umeishusha, ukaisoma, ukamkimbilia Edson, na sasa umenuna kwa sababu inabidi uniombe radhi. Usiombe. Ningekuwa wewe nami nisingeamini hata mstari mmoja. Katoro tutaizungumza baadaye, tukicheka.

Leo daraja la kwanza niko peke yangu. Vyumba vingine ni vitupu, taa zimezimwa, wahudumu wote wananihudumia mimi. Wamenitandikia kitambaa cheupe, wakanipa samaki mzima na waridi kwenye glasi. Mara hii nimekula vizuri. Nimeoga pia, mpaka taa ilipobadilika.

Thobias atanisubiri Mwanza mlangoni pa uwanja. Kasema pasipoti nimkabidhi yeye aitunze ofisini. Nimesema sawa, mimi sitaki kuiona tena maisha yangu yote.

Usihangaike kupika mapema. Bosi anataka nipitishwe machimboni kwanza kabla ya nyumbani. Anasema watu wamekusanyika pale mdomoni mwa duara tangu Jumamosi, wanaume kwa wanawake, na wamekataa kuondoka mpaka wanione. Sikujua kama wananithamini hivyo. Nikifikiri ni wiki ile tu walikuwa wananinung'unikia kwa kuwazuia kazi, naona haya kidogo.

Watakuwa wengi, na mimi katika umati huwa napotea. Mwambie Edson asimame mbele, nataka nimwone yeye kwanza.

Mumeo,
Ansgar